Inaonja au Haionji? Namna ya Kuchagua Njia ya Kutyuni Mafuta kwenye Pikipiki za Injeksheni

(Hotuba hii niliitoa Arusha mbele ya mafundi na waendesha pikipiki. Naiweka yote kwa ajili ya wenzetu ambao hawakufika. Michoro ya ukutani nimeiacha.)

Shikamooni wazee wangu. Wenzangu, habari za asubuhi. Naona mafundi wa Moshi na Babati mmefika, naona vijana wa bodaboda mmejaa kule nyuma, naona na dada zetu wanaoendesha pikipiki kubwa za safari. Karibuni sana. Najua Jumamosi ni siku ya kazi kwa fundi, kwa hiyo aliyekuja hapa amefunga gereji yake kwa ajili ya jambo hili, nami nitajitahidi lisiwe bure.

Kila mmoja wetu ameshaulizwa swali hili: "Fundi, nimebadilisha ekzosi, sasa nataka unityunie mafuta. Utatumia nini?" Mteja ameshaangalia video. Ameshasikia kuna boksi la kufunga chini ya kiti, kuna kuflashi kontrol boksi, yaani kuandika upya kompyuta ndogo inayoongoza injini, kuna kipande kidogo cha kuchomeka kwenye sensa. Anataka jina la kifaa na bei yake, aende zake.

Mimi nawaomba, kabla hujataja jina la kifaa chochote, uulize swali moja. Pale pikipiki inapokosea, kontrol boksi inaonja au haionji?

Nieleze ninachomaanisha. Wengi wetu tumekulia kwenye kabureta. Boxer, TVS, zote hizi zilizotulisha. Kabureta ukiibadilishia jeti, kile kipande chenye tundu la kupitisha mafuta, imebadilika. Haitakurudishia kesho kile ulichokitoa leo. Injeksheni ni mnyama mwingine. Pampu inasukuma petroli kwa mgandamizo wa kama baa 3 kwenye pikipiki nyingi, na kontrol boksi inaamua nozeli ibaki wazi kwa muda gani. Muda wenyewe ni mfupi mno. Injini ya mipigo minne ikizunguka mara 9,000 kwa dakika, kazi yake nzima, kuvuta, kukandamiza, kulipuka na kutoa moshi, inakwisha kwa milisekunde 13 hivi. Ndani ya hizo 13 nozeli iwe imeshafunguka, imemwaga na imefunga.

Itajuaje imwage kiasi gani? Kuna wakati inasoma jedwali lililoandikwa kiwandani: mzunguko huu, throto, ule mlango wa hewa, imefunguliwa kiasi hiki, hewa ina joto hili, basi fungua milisekunde kadhaa. Hapo ni mpishi anayepima mchele na maji kwa kikombe bila kufunua sufuria. Na kuna wakati anafunua na kuonja. Ulimi wake ni sensa ya oksijeni iliyofungwa kwenye bomba la moshi. Sensa hii ya kawaida inatoa volti kuanzia kama 0.1 hadi 0.9. Ikiwa chini ya 0.45, inasema mafuta yamepungua. Ikiwa juu, inasema yamezidi. Haisemi yamezidi kwa kiasi gani. Inasema tu yamezidi au yamepungua, na mpaka wake ni pale kilo 14.7 za hewa zinapochomwa na kilo 1 ya petroli. Kontrol boksi inaongeza, inaonja, inapunguza, inaonja tena, kila sekunde, unapoendesha taratibu kwenye barabara tambarare na injini ikiwa na moto.

Ukifungua mkono wote wa resi upite lori, haionji. Asubuhi injini ikiwa baridi, haionji. Hapo inarudi kwenye jedwali.

Mnaona kwa nini swali hili ndilo la kwanza?

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Kawasaki waliweka injeksheni kwenye Z1000 mwaka 1980. Honda wakafuata na CX500 Turbo mwaka 1982, BMW na K100 mwaka 1983. Ile K100 ilipima hewa kwa kibao kinachosukumwa na upepo wa kuingia injini, na haikuwa na sensa kwenye moshi. Ulimi wenyewe ulikuwa umeshabuniwa na Bosch na kuanza kutumika kwenye magari ya Volvo mwaka 1976, lakini ulikuwa na adui mmoja, madini ya risasi yaliyotiwa kwenye petroli. Petroli yenye risasi inaiua sensa ya oksijeni. Huku kwetu, serikali za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar, Juni 2001, kuiondoa petroli hiyo, na mwanzoni mwa 2006 ikawa imeondoka katika nchi karibu zote. Bila uamuzi ule, leo tusingekuwa na cha kuzungumza. Kisha India, wanakotengeneza pikipiki nyingi tunazozitumia, wakaanza kanuni yao ya moshi, BS6, tarehe 1 Aprili 2020, na viwanda vyao vikahamia kwenye injeksheni na sensa kwa kishindo. Pikipiki hizo ndizo zinazoanza kuingia gereji zetu. Kijana anayejifunza ufundi leo atazeeka nazo.

Sasa tuje kwenye kazi.

Ndugu zangu, kuna mwendeshaji aliniletea pikipiki ya silinda moja, akalalamika kwamba tangu afungiwe ekzosi mpya inakunywa mafuta kupita kiasi, na ukiwa nyuma yake unanusa petroli. Alikuwa tayari ameweka akiba ya kununua boksi la kupunguza mafuta. Akasema, "Fundi, nifungie tu, pesa hii hapa." Tukaiwasha, nikaweka mkono karibu na kichwa cha silinda, pale bomba linapoungana. Gaski ilikuwa imekaa upande. Moshi ulikuwa unatoka pff, pff, na kati ya pigo na pigo bomba lilikuwa linavuta hewa ya nje. Hewa ile ikapita mbele ya sensa. Sensa ikaona oksijeni nyingi, ikapiga kelele kwamba mafuta yamepungua. Kontrol boksi ikatii, ikaongeza. Sensa ikaona bado kuna oksijeni, ikapiga kelele tena. Ikaongeza tena.

Angefungiwa lile boksi, ingekuwaje? Boksi lingepunguza, kontrol boksi ingerudisha, na wangeshindana mpaka taa ya cheki injini iwake. Dawa ilikuwa gaski ya bei ndogo kabisa na boliti mbili kukazwa sawasawa.

Kwa hiyo kabla ya njia yoyote, kagua uzima wa injini. Klirensi ya valvu. Mpira wa kuingizia hewa kama umepasuka. Chujio la hewa. Mgandamizo wa pampu, uupime kwa geji, usikisie kwa sikio. Volti ya betri, maana nozeli inafunguka kwa umeme, na umeme ukipungua inachelewa kufunguka. Na nawaomba sana, mafundi wenzangu, acheni kupaka silikoni ya kawaida kila mahali. Mvuke wake ukifika kwenye moshi unaifunika sensa na kuiua. Tumia ile iliyoandikwa kwamba ni salama kwa sensa, na upake kidogo.

Injini ikiwa nzima, na bado inashtukashtuka ukiwa mwendo wa taratibu mjini, ndipo tunauliza. Inaonja au haionji? Hapo inaonja. Basi zile njia za kudanganya joto la hewa hazitakufaa.

Mnazijua. Ni kipande kidogo chenye rezista, kinaunganishwa kwenye sensa ya joto la hewa, na kontrol boksi inaamini hewa ni baridi zaidi kuliko ilivyo. Hewa baridi ni nzito, kwa hiyo inaongeza mafuta. Hesabu yake ni ya kweli. Ukiiambia kwamba hewa ya nyuzi 30 ni ya nyuzi 10, itaongeza kama asilimia 7. Mteja wangu mmoja alinunua, akafunga mwenyewe, akarudi siku ile ile akiwa na furaha: pikipiki imekuwa laini, haishtuki tena. Baada ya wiki chache akaja na uso mwingine. "Fundi, imerudi kama zamani, kifaa kimekufa?"

Kifaa kilikuwa kizima kabisa. Kilichotokea ni kwamba kontrol boksi iliongeza mafuta ikiamini hewa ni baridi, kisha ikaonja moshi, ikaambiwa yamezidi, ikapunguza. Na kila ilipopunguza, iliandika kumbukumbu: eneo hili nikate asilimia kadhaa. Mwishowe kumbukumbu ikawa imeufuta uongo wote. Huwezi kumdanganya anayeonja kwa kumwambia habari za joto la jikoni! Kwenye pikipiki isiyo na sensa ya oksijeni kipande kile kinaweza kusaidia. Kwenye yenye sensa kinasaidia pale tu ambapo haionji, na humo nako kinaongeza kila mahali kwa kiasi kile kile, panapohitaji na pasipohitaji.

Basi mtu mwenye tatizo la mwendo wa taratibu afanye nini? Hapa nina msimamo, na nitausema bila kuuma maneno. Mimi napenda njia ya kuusogeza ulimi wenyewe.

Ipo sensa ya aina nyingine, yenye upana, ina nyaya tano. Ile ya Bosch inayoitwa LSU 4.9 mtaikuta sana. Hii haisemi yamezidi au yamepungua tu. Inasema kiasi: 13.2, 14.0, 15.1. Inafungwa na kidhibiti chake, na baadhi ya vidhibiti vinaweza kutoa waya wa pili unaoiga volti za sensa ya kawaida. Wewe unachagua mpaka uwe wapi. Badala ya 14.7, unauweka 14.0. Kontrol boksi inaendelea kuonja vile vile, inaongeza na kupunguza vile vile, ikiamini inalenga 14.7, kumbe inalenga 14.0. Inapata mafuta zaidi kwa asilimia 5 hivi. Na kumbukumbu yake, ile ile iliyoufuta uongo wa rezista, sasa inafanya kazi kwa faida yako. Chujio likichafuka, inajirekebisha. Petroli ikibadilika, inajirekebisha. Hujaikata ulimi, umeisogezea ladha.

Kwa nini kiwanda hakikuiweka 14.0 tangu mwanzo? Kwa sababu katalisti ndani ya ekzosi inasafisha moshi vizuri pale tu mchanganyiko unapozungukazunguka kwenye 14.7. Ukisogea, kaboni monoksidi inapanda. Na mafuta yatatumika zaidi, lazima umwambie mteja hivyo. Kwa kijana wa bodaboda anayehesabu kila lita, mimi simshauri kabisa. Aache kiwanda kilivyoweka, apeleke pesa kwenye chujio, plagi na minyororo. Kwa mwenye silinda moja kubwa anayeteseka kwenye foleni, pikipiki ikimrusha shingo mbele na nyuma, namshauri, na asizidishe hapo.

Sasa upande wa pili. Mteja hana shida mjini. Shida yake ni akifungua mkono wote, hasa baada ya kubadilisha ekzosi na chujio kwa pamoja. Inaonja? Haionji. Hapa ulimi haukusaidii moja kwa moja, unahitaji kugusa jedwali. Injini inayotoa nguvu yake yote inataka kati ya 12.5 na 13.2 hivi, na ikipungukiwa sana hapo inachemka, inagonga, inaweza kutoboa pistoni.

Jedwali lina milango miwili. Mlango wa kwanza ni boksi la katikati, mfano wake unaojulikana ni Power Commander ya Dynojet. Linakaa kati ya kontrol boksi na nozeli, linaongeza au kupunguza kwa asilimia katika kila kijumba cha mzunguko na throto. Uzuri wake mkubwa ni kwamba linatoka. Ukiuza pikipiki, unachomoa, unarudisha soketi zake, imekuwa ya kiwandani. Kwa fundi anayeanza, huu ndio mlango wa kuingilia. Lakini kumbuka swali letu! Vile vijumba vya mwendo wa taratibu, ambako kontrol boksi inaonja, uviache sifuri. Ukiweka asilimia humo bila kushughulikia sensa, umeanzisha ule ugomvi niliousimulia wa gaski.

Mlango wa pili ni kuflashi. Unaingia kwa soketi ya kupimia, unasoma kilichoandikwa ndani, unabadilisha, unaandika upya. Hapa unapata kila kitu: mafuta, taimingi ya cheche, joto la feni kuwaka, mwisho wa mzunguko. Ni mlango mpana, na kwa pikipiki yenye throto ya umeme mara nyingi ndiyo njia inayofika mbali kuliko zote. Ila upana huo ndio unaonitia hofu nikiona mtu anapakua faili la mtu mwingine na kulimwaga ndani.

Wazee wangu wanakumbuka uchakachuaji. Mafuta ya taa yalichanganywa kwenye petroli na dizeli hadi EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, ikaanza kuweka vinasaba vya kuyatambulisha kwenye mafuta mwaka 2010. Mafuta ya taa yanashusha oktani, yaani uwezo wa petroli kukandamizwa bila kulipuka kabla ya wakati, na oktani ikishuka injini inagonga. Sasa chukua faili lililotengenezwa Ulaya kwa petroli ya oktani 98, mwenyewe amesogeza taimingi mbele mpaka ukingoni kwa sababu petroli yake inamruhusu. Umelimwaga kwenye pikipiki itakayojaza Singida, Mpanda, popote kituo kilipo, pengine hata kwenye chupa kando ya barabara. Nani atalipa pistoni? Ukiflashi, gusa mafuta. Taimingi iache, mpaka uwe na kipimo cha kusikia injini inagonga na petroli unayoijua.

Na umeme, ndugu zangu. Gereji moja jirani, sitaitaja, walikuwa wanaflashi pikipiki kubwa ya safari. Betri ya pikipiki ilikuwa imechoka, kompyuta nayo inategemea umeme wa ukutani. Katikati ya kuandika, umeme ukakatika. Kontrol boksi ikabaki nusu ya zamani, nusu ya mpya. Haikuwaka, na haikukubali tena kuongea na kompyuta. Mwenye pikipiki alikuwa mgeni, na kontrol boksi mpya ilibidi iagizwe nje. Kwa hiyo chaji ya betri iwe imeunganishwa, kompyuta iwe na chaji yake ya kutosha, na nakala ya kilichokuwa ndani uihifadhi sehemu mbili kabla hujaandika hata herufi moja. Kama kifaa chako hakiwezi kusoma na kuhifadhi ya zamani, usiandike.

Niseme na jambo la milima, maana tuko Arusha na kila wiki naulizwa. Mtu anapanda kutoka Dar es Salaam, kule yuko usawa wa bahari, hapa tuko kama mita 1,400. Anasema pikipiki imepoteza nguvu, nimtyunie ya mlimani. Kwa kabureta alikuwa sahihi, tulikuwa tunashusha jeti. Kwa injeksheni iliyo nzima, sensa ya mgandamizo wa hewa inaifanya kazi hiyo yenyewe njia nzima anapopanda. Mgandamizo hapa umepungua kama asilimia 15, na akipanda ukingo wa Ngorongoro, kwenye mita 2,300 hivi, umepungua karibu robo. Nguvu iliyopotea ni hewa iliyokosekana. Hakuna boksi, hakuna faili, hakuna rezista itakayoirudisha. Ukimtoza pesa kwa hilo, umemwibia. Ila ukiona moshi mweusi mlimani na tambarare hakuna, kagua sensa ile na mpira wake mdogo. Mara nyingi mpira umechomoka au umepasuka.

Mtauliza, tutapima kwa nini, daino, ile mashine ya kupimia nguvu ya injini, hatuna? Ni kweli, daino ni ghali na wengi wetu hatutainunua. Lakini sensa pana na kifaa cha kurekodi vinawezekana kwa gereji mbili tatu kuchangiana, na vinakupa namba za barabarani, kwenye upepo halisi na mzigo halisi. Chagua kipande kirefu cha kupanda, weka gia ya tatu au ya nne, shika throto mahali pamoja, rekodi, rudi. Usisome skrini huku unaendesha. Kifaa kinarekodi, wewe angalia barabara. Badilisha kitu kimoja tu kwa zamu moja, uandike kwenye daftari: tarehe, joto, petroli ya kituo gani, ulichogusa. Fundi atakayeifungua pikipiki hiyo baada yako, hata kama humjui, atakushukuru kwa karatasi hiyo kuliko kwa boksi la bei mbaya.

Nje pale kuna pikipiki mbili wenzetu wamekubali tuzitumie, moja ina rezista kwenye sensa ya joto na nyingine haijaguswa. Tutaziwasha, tusubiri zipate moto, tuunganishe skana, tuone kumbukumbu ya kila moja imeandika asilimia ngapi. Wenye mita za umeme njooni nazo, nataka kila mmoja aione ile 0.45 ikipanda na kushuka kwa macho yake. Maswali niulizeni tukiwa hapo hapo kwenye injini. Vijana wa nyuma, tangulieni nyie, mzisukume kivulini.